Kabla ya kununua ufunguo wa mwanga, tuangalie vibanda vya njiani

Ndugu Mhariri,

Nimeisoma mara mbili makala mliyochapisha wiki iliyopita kuhusu funguo za siri, yaani namba za kufungia na kufungulia ujumbe, zinazosafirishwa kwa punje za mwanga. Mara ya kwanza niliisoma kwa furaha, kwa sababu ni nadra gazeti la Kiswahili kuipa fizikia ukurasa mzima. Mara ya pili nilishika kalamu, nikapigia mstari pale mwandishi aliposema kwamba mtambo huo ukifungwa kati ya Dodoma na Dar es Salaam, siri za nchi hazitasomwa na asiyehusika mpaka mwisho wa dunia. Naomba nafasi nilijibu hilo.

Mimi ni fundi wa faiba. Nilizaliwa Mpwapwa, naishi Nkuhungu, nina watoto wawili, na kwa miaka 14 riziki yangu imetokana na kuunga nyuzi za kioo zilizofukiwa kando ya barabara ya Dodoma kwenda Morogoro. Nyuzi ambazo mwandishi wenu anataka zibebe ufunguo huo nimezishika kwa vidole vyangu, na vibanda ambavyo ufunguo huo utalala njiani nimeviingia usiku na mchana. Kwa hiyo nina la kusema.

Nianzie kwenye ufunguo wa chuma, maana ndio ulionifundisha ugumu wa jambo lenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, mwezi wa pili, mvua zikiwa zimechachamaa, mtandao ulikatika. Mimi tayari nilikuwa nje na wasaidizi wawili, kati ya Kibaigwa na Gairo. Tulipopima tukaona waya ni mzima, tatizo liko ndani ya kibanda cha mitambo, na ufunguo wa kibanda uko ofisini Dodoma. Kampuni niliyokuwa nikiifanyia kazi wakati huo ilikuwa na ufunguo mmoja tu wa kibanda kile. Bosi akautia kwenye bahasha ya kaki, akaizungushia selotepu, akaandika jina langu na namba yangu ya simu, akamkabidhi konda wa basi. Baada ya saa mbili basi likasimama mbele yetu, konda akashuka na bahasha mkononi: “Dada fundi, mzigo wako huu.” Nikampa elfu mbili, nikamshukuru. Selotepu ilikuwa haijaguswa, au ndivyo nilivyoona. Tukafungua, tukabadilisha kadi iliyoungua, saa kumi jioni mtandao ukarudi.

Usiku, njiani kurudi nyumbani, ndipo wazo likanijia. Basi lile lilisimama Chamwino, likasimama Mbande, likasimama Kibaigwa, na Kibaigwa kuna mafundi wa kuchonga funguo wanaokaa chini ya mwavuli kandokando ya barabara. Kuchonga ufunguo ni kazi ya dakika tano. Selotepu inauzwa kila duka. Kama kuna mtu aliifungua bahasha, akachonga nakala na kuifunga tena, mimi ningejuaje? Ufunguo ulionakiliwa haupungui uzito, wala hautoi harufu. Unafungua mlango vilevile. Nilimwandikia bosi nikapendekeza tubadilishe kufuli. Nikaambiwa nisijipe presha. Mpaka naondoka katika kampuni ile, kufuli lilikuwa halijabadilishwa.

Ugumu wa siri zote za mtandaoni uko hapo, kwenye bahasha ya konda. Kufuli zenyewe tunazo, tena imara. Tatizo ni jinsi ya kumfikishia ufunguo mwenzako aliye mbali bila mtu wa katikati kuutia mkono. Tangu miaka ya 1970 dunia imelitatua tatizo hili kwa hesabu. Mwaka 1976 Whitfield Diffie na Martin Hellman walionyesha kwamba watu wawili wanaweza kukubaliana ufunguo wa siri huku wakizungumza hadharani. Mwaka uliofuata Rivest, Shamir na Adleman wakaja na njia inayotegemea ugumu wa kuvunja namba kubwa. Nimelijaribu hili nyumbani. Mwanangu mdogo alizidisha 89 kwa 97 kwa nusu dakika, akapata 8,633. Dada yake nikampa 8,633 bila kumwambia ilikotoka, nikamtaka atafute namba mbili zilizoizaa. Alihangaika mpaka chai ikapoa. Namba zinazolinda simu na benki zina tarakimu zaidi ya 600, na kwa kompyuta tulizonazo leo chai itapoa miaka mingi mno.

Lakini mwaka 1994 Peter Shor alionyesha kwamba kompyuta ya aina nyingine, ile ya kwanta, yaani inayotumia tabia za punje ndogo kabisa za maumbile, ikijengwa kubwa ya kutosha, itazivunja namba hizo kwa urahisi. Bado haijajengwa ya ukubwa huo. Hata hivyo anayetaka siri zetu halazimiki kuisubiri ndipo aanze kazi. Anaweza kuyanasa mawasiliano leo yakiwa yamefungwa, akayahifadhi, akayafungua siku kompyuta hiyo itakapopatikana. Ujumbe wa “nimefika salama” hauna hasara ukisomwa baada ya miaka 15. Majibu ya vipimo vya mgonjwa je? Mtoto aliyezaliwa wiki hii hapa Dodoma, kilichoandikwa kwenye faili lake la hospitali kitakuwa siri yake hata mwaka 2075. Na hati za viwanja, katika mji huu ambao watu wamegombana vya kutosha juu ya viwanja, je? Kwa hiyo hofu ya mwandishi wenu ni ya kweli, na nampongeza kwa kuileta mezani.

Ninachotofautiana naye ni dawa. Niieleze kwanza kwa haki, kwa sababu ni dawa nzuri sana na niliposoma jinsi inavyofanya kazi nilikaa kimya muda mrefu.

Mwanga ukiupunguza, ukazidi kuupunguza, unafika mahali unabaki punje mojamoja zisizogawanyika. Punje hiyo ndiyo fotoni. Kila fotoni ina namna ilivyokaa: wima, mlalo, au mshazari wa kulia au wa kushoto. Sisi tuliokulia kwenye ng'ombe tunaweza kulifikiria boma lililojengwa kwa fito zilizosimama, na fimbo inayorushwa ipite katikati ya fito. Fimbo iliyosimama inapita, iliyolala inagonga. Iliyo mshazari, kama ni fimbo ya kweli, nayo ingegonga tu. Fotoni haifuati tabia ya fimbo. Iliyo mshazari mara inapita, mara inazuiwa, nusu kwa nusu, na hakuna awezaye kujua kabla. Tena ikishapita inatokea upande wa pili ikiwa wima, haina tena kumbukumbu yoyote ya ule mshazari wake. Kuitazama ni kuibadilisha. Ukitaka kujua ilivyokaa lazima uchague boma la kuipitisha, na ukichagua boma lisilo lake umeiharibu, wala hutajua kama umeiharibu.

Sasa mtu wa Dodoma mjini anatuma fotoni mojamoja kwa mtu wa Mtumba, kwenye mji wa serikali hapa Dodoma. Kwa kila fotoni anarusha shilingi, achague kama atatumia jozi ya wima na mlalo au jozi ya mishazari, na ndani ya jozi upande mmoja ni sifuri, wa pili ni moja. Mtu wa Mtumba naye, bila kuambiwa lolote, anarusha shilingi yake kuchagua boma la kupokelea. Baada ya maelfu ya fotoni wanapigiana simu ya kawaida na kutajiana maboma waliyotumia, bila kutaja majibu. Pale walipolingana wanabakiza, pale walipopishana wanatupa, na karibu nusu inabaki; hizo sifuri na moja ndizo zitakazokuwa ufunguo. Kisha wanachukua sehemu ya zile zilizobaki na kusomeana wazi. Kama mdokozi alikaa katikati akapima kila fotoni na kutuma nyingine badala yake, nusu ya mara atakuwa alitumia boma lisilo sahihi, na robo ya majibu yao yatapishana. Wataona. Makosa yakifika kama asilimia 11, ufunguo wote unatupwa na kazi inaanza upya. Kwa kuwa kilichotumwa ni ufunguo mtupu, ujumbe wenyewe bado haujaondoka, hakuna kilichopotea.

Kwa maneno mengine, hii ni bahasha inayomwambia mpokeaji kwamba imefunguliwa. Hicho ndicho nilichokikosa siku ile barabarani.

Waliobuni njia hii ni Charles Bennett na Gilles Brassard. Waliiwasilisha mwaka 1984 kwenye mkutano uliofanyika Bangalore, India, na mtambo wao wa kwanza ulifanya kazi mwaka 1989. Fotoni zilisafiri sentimita 32.5, zaidi kidogo ya rula ya mwanafunzi. Afrika hatujaachwa nyuma kama watu wanavyodhani. Wakati wa Kombe la Dunia la 2010, mjini Durban, njia ya mawasiliano ya uwanja wa Moses Mabhida ililindwa kwa funguo za namna hii. Mwaka 2025 watafiti wa China na Afrika Kusini walitangaza kwamba satelaiti ndogo imezifikisha funguo kati ya China na Stellenbosch, kilomita 12,900. Napenda vijana wetu wayajue haya.

Sasa niingie kwenye kazi yangu.

Faiba ni kioo chembamba kama unywele, na ndani yake njia ya mwanga ina upana wa sehemu tisa za milimita iliyogawanywa mara elfu. Kuunga nyuzi mbili ninazimenya, ninazipangusa kwa spiriti, ninazikata kwa kikatio mpaka ncha inyooke, ninazilaza kwenye mashine zitazamane. Kwenye kioo cha mashine naziona zimekuzwa, kama vijiti viwili vinavyotaka kugusana. Cheche inaruka, zinayeyuka na kuwa kitu kimoja, mashine inaniandikia hasara kwa desibeli, kipimo cha kufifia kwa mwanga: 0.02, au 0.05 kama nimeharakisha. Mwezi wa nane, upepo wa Dodoma ukiwa umechukua vumbi, najifungia ndani ya gari na vioo nimepandisha, joto likinichoma, kwa sababu chembe moja ya vumbi kwenye ncha inatosha kuharibu maungio. Nikimaliza naingiza mrija wa plastiki, naupasha moto, nalaza nyuzi kwenye boksi, narudia. Siku ya nyuzi 48 narudia mara 48.

Hata nikiunga kwa mkono mtulivu kiasi gani, kioo chenyewe kinameza mwanga. Faiba nzuri inapoteza desibeli 0.2 kila kilomita. Maana yake ni kwamba kila ukienda kilomita 50, katika fotoni kumi inabaki moja. Dodoma hadi Dar es Salaam kwa barabara ni kama kilomita 450, yaani hamsini mara tisa. Katika fotoni bilioni moja zitakazoondoka hapa, itakayofika Dar ni moja. Na sijahesabu maungio. Ngoma moja ya waya ina urefu wa kilomita nne hivi, kwa hiyo njiani kuna maungio zaidi ya mia moja ya awali, ukiacha tuliyoyaongeza kila greda lilipokwangua waya au korongo lilipokula kingo. Kila waya ukikatika tunaongeza maungio mawili.

Msomaji atauliza, mbona intaneti inafika? Inafika kwa sababu njiani kuna amplifaya zinazoupa mwanga nguvu upya. Amplifaya inachukua mwanga uliochoka na kutoa mwingi unaofanana nao, yaani inanakili. Na fotoni ya ufunguo hainakiliki. Mwaka 1982 Wootters na Zurek walithibitisha, na Dieks naye mwaka huohuo, kwamba hali ya kwanta usiyoijua haiwezi kutolewa nakala. Sheria ileile inayomzuia mwizi kuchonga ufunguo inanizuia na mimi fundi kuusukuma mbele. Hakuna namna ya kumzuia yeye ukaniruhusu mimi.

Kwa hiyo wanaofunga mitambo hii kwa masafa marefu wanajenga vituo. Ufunguo unatoka Dodoma kwa mwanga mpaka kituo cha kwanza. Hapo unashuka, unakuwa namba za kawaida ndani ya boksi la kompyuta, unafungwa upya na kusafirishwa mpaka kituo kinachofuata. Njia ya Beijing hadi Shanghai, kilomita 2,000, ina vituo 32. Hata ile satelaiti ya Stellenbosch ni kituo, isipokuwa chenyewe kiko angani. Kwetu tungehitaji vinne au vitano: tuseme Kibaigwa, Gairo, Dumila, Morogoro, Chalinze. Ndani ya kila kimoja ufunguo utakuwa umelala wazi, na fizikia haitakuwa na la kuusaidia. Atakayeulinda hapo ni kufuli na mlinzi.

Nawajua walinzi hao. Usiku mmoja niliitwa kwenye kibanda ambacho sijawahi kukanyaga. Nilifika saa sita na nusu, nimevaa koti la kung'aa na kofia ngumu, begi la zana begani. Mlinzi alikuwa mzee wa Kigogo, amejifunika shuka, moto wa kuni umebaki majivu. Nikamwamkia, “Shikamoo babu.” Akaniitikia, “Marahaba mwanangu, karibu, baridi imekuwa kali,” akanyanyuka, akafungua geti, akafungua na mlango wa ndani. Hakuniuliza kitambulisho, hakupiga simu kokote. Nilipomaliza kazi nikakaa naye kidogo, ndipo akaniambia ana miezi mitatu hajaona mshahara. Simlaumu mzee yule hata kidogo. Alinipokea kama alivyolelewa kupokea mgeni wa usiku. Koti la kung'aa na kofia ngumu mtu yeyote anavipata sokoni. Namlaumu aliyeweka mali ya mamilioni ndani ya chumba, akamweka nje mtu asiyelipwa, asiyefundishwa, asiye na daftari la kuandika nani kaingia.

Ukiweka boksi la ufunguo wa kwanta ndani ya chumba kile, umehamisha siri za nchi kutoka kwenye hesabu ngumu ukaziweka mikononi mwa babu yule na shuka lake.

Kuna mengine nitayataja kwa kifupi. Wale watu wawili wanapopigiana simu kutajiana maboma, lazima kila mmoja awe na hakika kwamba anayezungumza ni mwenzake kweli, na kwa hilo wanahitaji siri ndogo waliyopeana kabla, kwa mkono. Bahasha ya konda inarudi. Vilevile mitambo yenyewe ina udhaifu wake: mwaka 2010 watafiti wa Trondheim, Norway, walivipofusha vipokezi vya mitambo iliyokuwa sokoni kwa kuvimulika mwanga mkali, wakausoma ufunguo wote bila kuacha dalili. Waliotengeneza walirekebisha, lakini tujifunze kwamba sheria ya fizikia ni kitu kimoja na boksi lililotengenezwa na watu ni kingine. Na asiyetaka kusoma, anayetaka kuvuruga tu, anahitaji jembe. Mtambo utaona mwanga umepotea na utakataa kutoa ufunguo, sawasawa na ulivyoagizwa.

Kwa upande wa pili, nisimnyime mwandishi wenu haki yake. Ipo klipu tunayotumia sisi mafundi kujua kama nyuzi ina mawasiliano bila kuikata. Unaibana nyuzi, inapinda kidogo, mwanga kiasi unavujia nje, klipu inauhisi. Huwa nawaonyesha wasaidizi wapya kwa kalamu ya mwanga mwekundu: piga mwanga, kunja waya wa njano kwenye kidole, utaona pale ulipokunja panawaka kama kaa la moto. Mtu mbaya akiwa na klipu nzuri zaidi anaweza kuchota mwanga wa intaneti ya kawaida, na ofisi iliyoko mwisho wa waya isihisi chochote. Ufunguo wa mwanga ungelihisi jambo hilo. Hiyo ni faida ya kweli na hakuna hesabu inayoitoa.

Basi tufanye nini? Hesabu mpya zipo tayari. Mwezi wa nane mwaka 2024 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa viwango vitatu vya kwanza vya kufunga siri na kutia saini kwa hesabu ambazo kompyuta ya kwanta haijulikani kuzivunja. Zinawekwa kwenye kompyuta na simu tulizonazo kama unavyosasisha programu, zinapita kwenye waya uleule, zinavuka amplifaya bila shida, na ndani ya vibanda vya njiani zinapita zikiwa zimefungwa. Babu akifungua geti, mgeni ataona taa zinazomweka tu. Idara za usalama wa mawasiliano za Marekani na Uingereza zimesema wazi kwamba kwa mifumo ya serikali zinapendelea njia hii kuliko mitambo ya mwanga. Wenye fedha nyingi kuliko sisi wameanza na hesabu.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tunayo tangu mwaka 2022, na Mamlaka ya Serikali Mtandao iko hapahapa Dodoma. Ninachoomba ni orodha. Kila wizara pale Mtumba, kila hospitali ya mkoa, ofisi za ardhi, ziulizwe: ni siri gani mnazo zinazopaswa kudumu miaka 20 na zaidi, na zimefungwa kwa hesabu ipi? Kazi hiyo haihitaji mtambo wowote wa kuagiza. Inahitaji watu wa kukaa na kuhesabu, na kuanzia kwa zile zinazodumu muda mrefu. Sambamba na hiyo, vibanda: kufuli zinazobadilishwa, milango inayofunguliwa na watu wawili, daftari la wageni, na mlinzi anayelipwa tarehe yake.

Mtambo wa mwanga nao nautaka, ila kwa kazi ya kujifunza. Chuo Kikuu cha Dodoma kiko kilimani, Mtumba iko ng'ambo hapo, na kati yao waya hauzidi kilomita 30. Kwa umbali huo angalau robo ya fotoni zinafika, bila kituo chochote cha katikati, na hicho ndicho kipimo ambacho njia hii inakifaa. Wanafunzi wa fizikia na wa kompyuta waushughulikie mtambo huo pamoja, waufungue, waujaribu kuudukua, wajue unapokosea. Tukija siku moja kuuziwa mtambo mkubwa, awepo Mtanzania wa kumuuliza muuzaji maswali kwa Kiswahili au kwa lugha yoyote atakayojibu.

Kabla hata ya mtambo huo, kuna kinachoweza kufanyika kesho. Bennett na Brassard walianza na sentimita 32.5 juu ya meza. Mimi nina mabaki ya faiba, mashine ya kuungia, kalamu ya mwanga mwekundu na klipu. Mwalimu yeyote wa fizikia, wa chuo au wa sekondari, anayetaka wanafunzi wake waone kwa macho jinsi kioo kinavyovuja mwanga kikipindwa, na jinsi hasara inavyoongezeka kila ukiunga, aniandikie kupitia gazeti hili. Jumamosi nikiwa sipo barabarani, kuanzia saa nane mchana nipo nyumbani. Waje na miwani ya kukinga macho, na wasizidi kumi kwa mara moja, maana meza yangu ni ndogo na vipande vya faiba vikiingia kidoleni havionekani.

Wenu,
Fundi wa faiba,
Nkuhungu, Dodoma